Kopo Moja, Mikono Mitano

Siku moja mwezi wa Aprili tulikuwa barazani baada ya sala ya laasiri, dele la kahawa katikati na tende kando, mmoja wa wazee wa rika langu akaanzisha maneno. Alisema wanawake wa siku hizi wamesahau kulisha. Mtoto hupelekwa shule na sarafu ya shilingi ishirini mkononi akanunue vipande vya viazi vya chumvi na maji ya rangi, kisha jioni hurudi amelegea, na mamake hushangaa kwa nini hashiki hesabu. "Mama zetu hawakuwa hivyo," akasema. Watu wote wakaitikia. Mimi nami niliitikia, tena kwa sauti. Naandika makala haya ili nilirudishe itikio langu lile. Nalitoa mbele za watu, na ni haki nilirudishe mbele za watu.

Kwani siku ile, msomaji wangu, mimi mwenye miaka hamsini na kitu, baba wa watoto na babu wa wajukuu, nilikuwa sijapata kufunga kopo la chakula cha mtoto hata siku moja katika umri wangu.

Kwa asiyepajua kwetu Ngomeni, ukitoka Malindi ukashika njia ya Garsen, ukapita Mambrui, ukafika Gongoni, wakata mkono wa kulia kuelekea baharini, na mashamba ya chumvi yakakutazama njiani. Ni kijiji cha wavuvi katika Ghuba ya Ungwana. Pana mikoko, pana michanga, na maji ya visima vyetu si ya kumpa mgeni bila ya kumtahadharisha. Dunia ilitusikia tarehe 12 Desemba 1970, wakati jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya kijiji liliporusha setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Siitaji habari hii kwa kujifaharisha. Naitaja kwa kuwa mke wa mwanangu ana mazoea ya kuniuliza: "Baba, mji uliofikisha chombo mbinguni washindwaje kufikisha wali mzima shuleni saa saba?"

Nilikuwa nikicheka. Mwezi wa Juni alikwenda Malindi kumuuguza mamake, akakaa siku sita. Mwanangu yu baharini, bibi yao macho yamepungua nuru. Basi nikabaki mimi na wajukuu watatu na jiko.

Siku ya kwanza nilitaka kuwaonyesha ukarimu. Niliamka kabla ya adhana, nikakuna nazi, nikapika wali wa tui zito, na ukiwa wa moto hivyo hivyo nikaushindilia katika makopo na kukaza vifuniko. Jioni makopo yalirudi yamejaa. Nilipofungua, harufu iliyonipiga siwezi kuiandika katika gazeti lisomwalo na watu waheshimiwa. Wali wa nazi uliofungiwa na mvuke wake, katika joto la kwetu, ndani ya mkoba uliowekwa chini ya dirisha la jua, huchacha kabla ya adhuhuri. Jambo hili kila mwanamke wa pwani alijua tangu utoto wake. Mimi nimetunga mashairi ya sifa za nazi na sikulijua.

Siku ya pili nikapika mahamri na mbaazi. Mahamri yalifika salama. Mbaazi zilivuja, zikaingia katika daftari la Kiswahili la mjukuu wangu wa darasa la tatu, na mwalimu akaandika chini ya insha yake kwa wino mwekundu kwamba kazi ni nzuri ila ina mchuzi. Siku ya tatu nikaweka tafi wa kukaanga, nikasahau kuwa yule mdogo wa chekechea hajui kutoa miba. Alirudi bila kula, samaki mzima ndani ya kopo akinitazama.

Siku ya nne nikakumbuka babu zetu. Nilichemsha muhogo kwa maji na chumvi, nikachoma kipande cha ng'onda, nikakichambua na kukikamulia ndimu. Nilikiacha kila kitu kipoe juu ya sinia kwanza, kisha ndipo nikafunika. Jioni makopo yalirudi matupu, meupe kama yaliyolambwa. Nikamshukuru Mungu na nikajiona fundi.

Ufundi wangu haukuishi saa ishirini na nne. Siku ya tano mjukuu wangu wa darasa la tatu alisahau chupa yake ya maji, nami nikaichukua nikaipeleka shule mwenyewe. Nilifika wakati wa mapumziko ya mchana. Watoto wengine walikuwa wamekimbia makwao, wale wakaao karibu. Wengine wamekaa chini ya miti. Nikamtafuta wangu nisimwone, mpaka nilipozunguka nyuma ya tangi la maji. Nilimkuta amechutama, ameugeuzia ulimwengu mgongo, anameza muhogo vipande vikubwa vikubwa bila kutafuna, kama mtu aliyeiba.

Nilighadhibika. Mjukuu wangu mimi, aliyesoma chuoni mpaka akahifadhi Sura ya Maun, ajifiche kula! Nilimwambia kwamba choyo si tabia ya nyumba yetu, na maneno mengine ambayo sasa nayaonea haya. Akaninyamazia mpaka nilipomaliza, kisha akasema: "Babu, nikifungua mbele yao, nabaki na kidole cha kunusa."

Nikamuuliza wao ni kina nani. Akanihesabia kwa vidole. Watano. Marafiki zake wa dawati na wa njia. Wawili ni Waislamu wa mtaani kwetu, watatu ni watoto wa Kigiriama watokao bara kidogo, mbali. Hawana kopo. Siku ya Jumatatu na siku ya Jumanne aliwagawia, akala kipande kimoja. Siku ya wali uliochacha walicheka wote pamoja. Siku ile makopo yaliporudi meupe nami nikajisifu, hakuwa amekula yeye. Wamekula wale watano.

Hapo nilikaa chini pale kwenye tangi, nikawa sina la kumwambia. Kumwambia agawe ni kumwambia ashinde na njaa. Kumwambia ajifiche ni kumfundisha kile nilichomgombeza dakika moja iliyopita.

Mkwe wangu aliporudi nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Alisema amelijua jambo hili tangu mwaka jana, na ndiyo sababu hufunga muhogo wa vipande vidogo vidogo badala ya kipande kikubwa, maana vidogo hugawika. "Baba," akasema, "mimi kila alfajiri nafunga chakula cha watoto sita kwa unga wa mmoja." Nami, kwa mazoea ya mtu aliyezeeka na vitabu, nikamkumbusha wasia wa Mtume wetu (S.A.W.) kwa Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke jirani zake. Akaniinamia kwa adabu. "Ni kweli, Baba. Lakini mahamri hayazidishwi maji."

Usiku ule nikajaribu kuligeuza shairi. Nikapata ubeti mmoja:

Kopo latoka nyumbani, la mtoto ende ale,
Lifikapo darasani, mikono mitano ile,
Kila mmoja tumboni, ana njaa kama yule,
Nambieni majirani, cha nani chakula kile?

Sikuendelea na wa pili. Jibu la swali lile si kazi ya vina.

Sasa nirudi kwa mzee mwenzangu wa barazani na mama zetu. Ni kweli mama zetu hawakutupa sarafu za shilingi ishirini. Lakini tuseme ukweli wote: mama zetu wengi hawakutufungia chochote. Kengele ya mchana ikilia tulikimbia nyumbani, na nyumbani palikuwa na mtu. Leo mtoto akikimbia nyumbani aghalabu hukuta kufuli. Mama yu kwenye mashamba ya chumvi tangu alfajiri, au amekwenda Gongoni na ndoo ya samaki kichwani, au yumo katika gari la Malindi. Hakukimbia jiko kwa uvivu. Bahari haitoi tena kama ilivyotoa kwa baba zetu, na mshahara wa mwanamume mmoja hautoshi unga na ada ya chuo na sare. Tumemtuma mwanamke sokoni kisha tukamlaumu kwa kutokuwako jikoni.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wa baraza hawalitii katika hesabu yao, ingawa ni wavuvi na walijua kuliko mtu yeyote. Tazameni kalenda ya shule na kalenda ya pepo. Muhula wa kwanza huanza Januari, kaskazi imetulia, bahari ni shwari, samaki wapo, na hata nyumba dhaifu yaweza kumfungia mtoto kipande cha kolekole. Muhula wa pili huingia pamoja na kusi. Mawimbi husimama, vyombo vidogo hupandishwa pwani, mvuvi hushona nyavu zake akingoja. Basi muhula ule wote mpaka Agosti ni muhula wa sima kavu na chai ya rangi. Mtoto aliyekuwa na kopo mwezi wa Februari hana kopo mwezi wa Juni, na mwalimu huandika katika ripoti kwamba amezembea. Hakuzembea. Upepo umegeuka.

Na miaka hii Ramadhani huangukia muhula wa kwanza, yaani katika miezi ile ile ya neema ya samaki. Mwaka huu mkwe wangu aliendelea kumfungia yule mdogo asiyefaradhishiwa, naye akala pembeni. Alinihadithia kwamba watoto wa Kigiriama waliomo darasani mwake huenda nyuma ya tangi kula, ili wenzao waliofunga wasiwaone. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Basi tangi lile lina mambo mawili ya kuficha, moja la heshima na moja la njaa, na mimi nimeliona moja tu.

Msije mkadhani kwamba jambo hili ni geni katika nchi yetu na kwamba hapana aliyelifikiri. Sisi wa rika langu tulikunywa maziwa ya Nyayo. Mpango ule ulianzishwa na Rais Moi mwaka 1979, nasi tukapokea vile vipakiti vya pembe tatu, tukang'ata ncha na kufyonza. Wengine walikipeleka nyumbani kipakiti kwa mdogo wao, kikafika kimepasuka mfukoni. Watu wamesema mengi juu ya mpango ule na juu ya gharama zake, na kufikia miaka ya tisini ulikuwa umefifia. Lakini neno moja nalikumbuka vizuri. Siku ya maziwa hapana mtoto aliyejificha. Mwana wa karani na mwana wa mchota maji walishika pembe tatu zilizo sawa.

Mwaka 1980 serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walianza kuzipa chakula cha mchana shule za sehemu kame. Mwaka 2009 ukaanzishwa utaratibu wa kununua chakula hicho humu humu nchini, na mwaka 2018 shirika lile likaikabidhi serikali kazi yote. Kwa hiyo mlango upo, na shule ambazo mlango umewafungukia watoto wao hula githeri au wali wa maharagwe saa saba. Shida ni kuwa mlango wenyewe hufunguka na kufungwa. Chakula huja muhula huu, mwingine kikachelewa. Mama hawezi kulala bila kuweka muhogo majini kwa kutegemea gari ambalo huenda likafika.

Tuvuke bahari kidogo, maana majahazi ya babu zetu yalikuwa yakivuka. Huko India, jimbo la Tamil Nadu lilipanua sana chakula cha mchana shuleni mwaka 1982, na tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya nchi nzima ikaamuru kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula kilichopikwa. Si nafaka ya kupeleka nyumbani, chakula kilichopikwa. Na hapa karibu, mwaka 2023 Nairobi walifungua majiko makubwa ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani na gharama iliyobaki hubebwa na wengine. Mtoto huvaa bangili mkononi, huigusisha kwenye kidude, hupewa sahani. Bangili zote ni sawa, na hapo nikayakumbuka maziwa yetu ya pembe tatu.

Lakini Ngomeni si Nairobi, na kungoja jiko kubwa ni kazi isiyomshibisha mtoto wa leo. Ndipo nikakumbuka chuo changu.

Mwalimu wetu wa chuo, Mungu amrehemu, alikuwa na mkeka mmoja wa ukindu na chano kimoja cha mti. Tulipofika asubuhi, kila aliyekuja na kitu, mahamri mawili yaliyofungwa katika kipande cha leso kuukuu, kipande cha kiazi kitamu, ndizi, alikitia chanoni na kukifunika kwa kawa. Mwenye kitu na asiye na kitu walipita pale pale, wakafunua na kufunika, mwalimu akiwa amewageuzia mgongo. Ulipofika wakati wa kupumzika, kawa hufunuliwa, tukasema Bismillahi, tukala. Hapana aliyejua ndizi ni ya nani. Yule asiyeleta alinyoosha mkono kama yule aliyeleta. Sisemi kwamba ilikuwa pepo: kulikuwa na kelele, kulikuwa na walafi, na samaki akitokea kichwa chake kilikuwa cha mwalimu bila mjadala. Lakini katika miaka yote ile sikumwona mtoto akila nyuma ya kisima.

Rai yangu basi ni hii, nami naitoa nikijua nitapingwa. Tuache kumtazama mama mmoja na kopo moja. Wazazi wa mtaa mmoja, au wa darasa moja, na wakae pamoja wapike kwa zamu sufuria moja ya watoto wao na wa wale wasio na kitu, ipelekwe shule saa sita u nusu, igawiwe sahani zilizo sawa. Mwenye nazi alete nazi. Mwenye kuni alete kuni. Mwenye dau alete samaki siku ya samaki. Asiye na kitu alete mikono yake aoshe vyombo, wala asiulizwe.

Nilipolisema hili barazani nilipata majibu ya kila namna. Mmoja alisema wanawake hawaaminiani majikoni, kila mmoja hudhani mwenziwe hajaosha mchele. Hilo lina ukweli ndani yake, ila wanawake hao hao hupika biriani la harusi la watu mia tatu katika masufuria ya kuazimana na hatujasikia mtu amekataa sahani. Mwingine akasema watoto wa Kigiriama si wa dini yetu, itakuwaje. Nilimwuliza ni chakula gani atakachokipika mke wake ambacho mtoto wa Kigiriama hawezi kula. Mbaazi? Akanyamaza. Na wakipika wao siku yao, sima na mtsunga, sijaona aya iliyoharamisha mtsunga.

La tatu lilikuwa zito zaidi, nami sina jibu lake kamili. Mzee yule yule wa siku ya kwanza alisema: kamati. Palipo na sufuria hutokea kamati, palipo na kamati hutokea mwekahazina, na watoto hula kilichobaki. Tumeona misaada ya njaa ikipungua njiani, kila mmoja wetu anayo hadithi yake. Niliyoweza kumjibu ni kwamba pasiwe na mfuko wa fedha kabisa. Vitu vije vikiwa vitu. Muhogo ni mgumu kuibwa kimya kimya.

Mkwe wangu hakungoja tumalize kubishana. Wiki ya pili ya Julai alikwenda kwa majirani watano, na kwa mama mmoja wa Kigiriama akaaye njia ya Gongoni, wakapanga zamu ya siku tano. Mwalimu alikubali kuwapa kivuli cha mwembe na kuazima sahani za bati za shule. Wameanza na watoto kumi na saba tu, wa darasa lile moja na wadogo zao. Yapo waliyojifunza haraka. Tui huwekwa mwisho kabisa na kidogo, au huachwa. Mbaazi hupikwa za kukauka. Samaki hutolewa miba nyumbani kabla ya kwenda. Sima huvingirishwa katika majani ya mgomba ikabaki na joto lake bila kutoa jasho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017 na sikuililia, ila ilituachia utumwa wa makopo ya siagi yenye vifuniko vinavyopotea, na ugomvi wa kila jioni wa kifuniko kiko wapi. Katika sufuria ugomvi huo umekwisha.

Mambo mengine hayajakwisha. Mjukuu wangu wa kike, wa darasa la sita, hakupenda. Yeye alikuwa akitaka mkate wa duka wenye siagi kama wa rafiki yake ambaye babake afanya kazi Malindi, na anaona sufuria ya muhogo chini ya mwembe ni jambo la kumtia haya. Nimejaribu kumweleza kuwa muhogo ulivuka bahari kubwa kutoka Amerika ya Kusini kabla haujafika kwetu na kwa hiyo ni msafiri kumzidi huo mkate. Alinitazama kwa huruma. Sijui nitamwambia nini, na siku hizi sijifanyi kujua.

Kuna wazazi wawili waliojitoa baada ya siku nne. Na siku moja chakula kilichelewa kwa sababu gurudumu la mkokoteni lilizama mchangani, watoto wakala saa nane kasorobo, mwalimu akanuna.

Nilikwenda tena kule kwenye tangi juma lililopita. Nilikwenda makusudi, saa saba, bila chupa ya maji. Palikuwa na mbuzi mmoja amelala kivulini. Mjukuu wangu alikuwa chini ya mwembe pamoja na wale watano, sahani sita, akibishana na mmoja wao juu ya mpira huku mdomo umejaa. Hakuniona, nami sikumwita.

Jumanne ijayo ni zamu ya jirani yetu wa nyuma. Dau la mumewe lipo pwani limeinuliwa tangu siku kumi na mbili, na kusi haijaonyesha dalili ya kupungua. Hajasema neno kwa mtu. Leo jioni nimemwona mkwe wangu akipima mbaazi, vibaba viwili, akazifunga katika kipande cha leso na kuzitia ndani ya kikapu chini ya nguo za kufua. Kikapu kitapelekwa na mtoto baada ya sala ya isha, wakati njia ya nyuma ina kiza.